Barabara Tuliyojengewa: Ni Zawadi, Mkopo au Biashara?

Kila mwalimu wa Kiswahili anayefundisha matamshi huwafikisha wanafunzi wake siku moja kwenye neno barabara. Neno hili likitamkwa kwa kutia mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo kanuni ya lugha yetu, lina maana ya njia kuu wapitayo watu na magari. Mkazo ukihamishiwa katika silabi ya tatu kutoka mwisho, lina maana ya sawasawa, au kama ipasavyo. Kwa macho ni neno moja, bali kwa masikio ni maneno mawili. Katika makala haya twapenda kuyaweka maneno hayo mawili pamoja na kuuliza: barabara tuliyojengewa na wageni, je, tumeipokea barabara?

Swali hili lisidhaniwe kuwa ni la wahandisi na mawaziri peke yao. Ni swali la maadili, kwa kuwa lahusu kutoa na kupokea, na hakuna jamii isiyokuwa na desturi zake juu ya mambo hayo mawili. Ni swali la lugha pia, kwa kuwa mtu hukipokea kitu kwa kadiri ya jina alilokipa. Aliyeambiwa kuwa ni zawadi hatahesabu. Aliyeambiwa kuwa ni deni hatalala.

Sisi tunaofundisha Kiswahili nchini Rwanda tunayo sababu ya pekee ya kulitafakari. Barabara itokayo Kigali, ikapita Rwamagana, Kayonza, Ngoma na Kirehe hadi Rusumo kwenye maporomoko ya mto Akagera, ilijengwa na Wachina katika miaka ya 1970, baada ya Rwanda na China kuanzisha uhusiano wa kibalozi mwaka 1971. Kabla ya hapo bidhaa nyingi za nchi hii isiyo na bahari zilipitia Uganda na Kenya hadi Mombasa. Katika miaka ya mwisho ya utawala wa Idi Amin, na hasa wakati wa vita vya 1978 na 1979, ilidhihirika jinsi nchi yenye mlango mmoja inavyoweza kufungiwa ndani. Barabara ya Rusumo ilikuwa mlango wa pili. Madereva wa malori watokao Dar es Salaam, mwendo wa kilomita zipatazo 1,500, hawakuleta saruji na mafuta tu; waliongeza pia nguvu ya Kiswahili, ambacho kilikuwapo mijini tangu enzi za Wajerumani, wakakisambaza katika vituo vya njiani, katika migahawa, magulio na gereji. Mwaka 2017 Kiswahili kilipofanywa kwa sheria kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda, walikuwapo watoto wengi wa mashariki ambao walikwisha kukisikia kando ya lami kabla ya kukiona ubaoni. Barabara ile, basi, ni kama mwalimu mwenzetu.

Na pale Rusumo, mahali pa daraja la zamani lililokuwa jembamba, pamejengwa daraja jipya kwa fedha za Japani. Lilikamilika mwaka 2014, nalo likazinduliwa rasmi na marais wa Rwanda na Tanzania mwezi Aprili 2016. Msafiri atokaye Kigali hupita juu ya njia iliyofunguliwa na Wachina, kisha juu ya daraja la Wajapani, halafu juu ya barabara za Tanzania, na ukimwuliza ni nani aliyevijenga vyote hivyo atakujibu kwa neno moja tu: msaada.

Neno moja, mizigo mitatu

Msaada ni neno jema. Lina undugu na kusaidia, na kusaidia ni kumtia mtu nguvu katika kazi ambayo ni yake. Msaidizi wa mpishi si mpishi. Akiondoka msaidizi, chungu hubaki na mwenyewe. Kwa hiyo ndani ya neno lenyewe mna fundisho: palipo na msaada wa kweli, kazi hubaki ya msaidiwa.

Lakini neno hili limebebeshwa mizigo mitatu isiyofanana. Mzigo wa kwanza ni zawadi, yaani kitu kitolewacho bila kudai kurudishiwa. Wa pili ni mkopo, yaani kitu kitolewacho leo ili kirudishwe kesho, pamoja na riba au bila riba. Wa tatu ni biashara, yaani kazi ifanywayo kwa malipo yaliyokubaliwa. Kila mmoja una wajibu wake. Zawadi hudai shukrani na matunzo. Mkopo hudai hesabu na malipo. Biashara hudai bei ya haki, mkataba ulio wazi na jicho la msimamizi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipoonya juu ya kutegemea fedha za nje lilikuwa makini katika jambo hili. Lilizipima zawadi, mikopo na vitega-uchumi kila kimoja peke yake, likaeleza hatari ya kila kimoja. Baadaye hotuba na magazeti yakavirudisha vyote katika kapu moja.

Madhara ya kapu hilo si madhara ya sarufi. Tukiyachanganya majina twashukuru mahali pa kukagua, na twashuku mahali pa kushukuru. Mkandarasi aliyelipwa kwa kodi zetu akifanya kazi mbovu twanyamaza kwa adabu, kana kwamba mgeni ametuletea zawadi yenye dosari na si vizuri kuisema mbele yake. Na yule aliyetufaa kweli, bila riba wala sharti, twamsengenya kana kwamba ni tapeli wa sokoni.

Wala kosa hili halikuanza na Wachina. Twakumbuka jinsi wakoloni walivyojisifu kuwa wametuletea barabara. Katika Ruanda-Urundi chini ya Wabelgiji, njia za milimani zilichimbwa kwa kazi ya shuruti. Wanaume kwa wanawake walitolewa mashambani mwao kwenda kuvunja miamba na kubeba udongo, na watu wengi walikimbilia Uganda na Tanganyika kuikwepa kazi hiyo pamoja na viboko vyake. Aliyechimba hakulipwa, tena akaambiwa ashukuru. Hapo jasho la mtu lilibatizwa jina la zawadi aliyopewa. Mfano huo watosha kutuonyesha kwamba anayeshika haki ya kutaja jina la kitu ameshika pia haki ya kuamua nani ni mdeni wa nani.

Mkopo ulioitwa mkopo

Haifai kuwahukumu Wachina kwa uvumi. Mwezi Januari 1964, waziri mkuu wa China, Zhou Enlai, akiwa ziarani nchini Ghana, alitangaza kanuni nane za misaada ya nchi yake. Kanuni ya kwanza ilikana kwamba msaada ni sadaka ya upande mmoja, ikasema kuwa ni jambo la kufaana. Nyingine zilisema kwamba msaada hautafungamana na masharti. Kwamba mikopo itakuwa bila riba au kwa riba ndogo. Kwamba wenyeji watafundishwa hadi waimudu kazi wenyewe. Na kwamba mafundi wa Kichina watakaa kwa kiwango kile kile cha maisha wanachokaa mafundi wenyeji, bila kudai anasa. Kwa miaka ile, ambapo mtaalamu wa kigeni alijulikana kwa nyumba yake kubwa na watumishi wake, kanuni hiyo ya mwisho haikuwa maneno matupu. Waliowaona Wachina wakijenga barabara na reli wamesimulia jinsi walivyolala kwenye kambi za kawaida, wakalima mboga zao, na kushika sururu pamoja na vibarua.

Mfano mkubwa kuliko yote, ingawa si wa barabara ya magari, ni reli ya TAZARA, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, yenye urefu wa kilomita 1,860. Mapatano yake yalitiwa saini Beijing mwezi Septemba 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha. Ujenzi ulianza mwaka 1970. Reli ikakabidhiwa mwezi Julai 1976. Ina madaraja yapatayo 300 na mahandaki 22 yapitayo chini ya milima. Nchi za Magharibi zilikuwa zimekwisha kukataa kuigharimia, zikisema haitalipa. Wachina walitoa Yuan milioni 988, si kama zawadi bali kama mkopo usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30 baada ya kipindi cha kusubiri. Gharama za humu nchini, kama mishahara ya vibarua, zilipatikana kwa kuuza bidhaa za Kichina katika maduka ya Tanzania na Zambia. Ndiyo kusema kwamba mwananchi aliyenunua shati la Kichina au baiskeli ya Kichina dukani alikuwa anachangia reli yake mwenyewe.

Twauona uungwana katika mpango ule, na uungwana wenyewe ulikuwa katika jina. Uliitwa mkopo, nao ulikuwa mkopo. Kila upande ulijua kinachodaiwa na lini. Wahenga wametuonya kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini matanga huwa machungu zaidi kwa yule aliyecheza harusini akidhani kwamba ameandaliwa karamu ya bure. Aliyejua tangu mwanzo kuwa amekopa hupanga jinsi ya kulipa, na siku akishindwa huweza kwenda kwa mdai wake akasema naye uso kwa uso.

Fundi si mwenye nyumba

Mambo yalibadilika taratibu baada ya China kuanza mageuzi ya uchumi wake mwishoni mwa miaka ya 1970. Idara za serikali zilizokuwa zikijenga barabara kwa jina la urafiki zikageuzwa kuwa makampuni. Kampuni ya China ya barabara na madaraja, ambayo leo yajulikana katika nchi nyingi za Afrika, iliundwa mwaka 1979 kutokana na ofisi ya misaada ya nje iliyokuwa chini ya wizara ya mawasiliano ya nchi hiyo. Watu walikuwa wale wale, kofia za kazini zile zile, greda na katapila zile zile. Kilichobadilika ni jina la uhusiano. Aliyekuja jana kama rafiki alikuja leo kama mkandarasi, akishindania zabuni pamoja na wakandarasi wengine. Hakufanya kosa lolote kwa kufanya hivyo. Sisi ndio tuliochelewa kulibadilisha jina vinywani mwetu.

Hata leo mtu akiona daraja linajengwa na Wachina husema, "Wachina wametusaidia." Na tutazame daraja la Kigongo na Busisi katika Ziwa Victoria, mkoani Mwanza, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lililofunguliwa mwezi Juni 2025. Lilijengwa na makampuni ya Kichina, lakini fedha zilitoka katika hazina ya Tanzania. Daraja la Kigamboni huko Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 2016, nalo lilijengwa na makampuni ya Kichina kwa fedha za mfuko wa hifadhi ya jamii na za serikali, yaani kwa akiba ya wafanyakazi na kodi ya wananchi. Mtu aliyelipa fundi amjengee nyumba hamwiti fundi mwenye nyumba. Anayesema kuwa daraja la namna hiyo ni msaada wa Wachina amemnyang'anya mlipa kodi heshima yake, na pamoja na heshima hiyo amemnyang'anya haki yake ya kuuliza.

Haki hiyo ya kuuliza si jambo dogo, kwani juu ya daraja hupita roho za watu. Katika eneo la Budalang'i, magharibi ya Kenya, wakazi walikuwa wakivuka mto Nzoia kwa mitumbwi, na mto ule umewameza watu. Serikali ya Kenya ilimpa mkandarasi wa Kichina kazi ya kujenga daraja la Sigiri kwa gharama ya shilingi za Kenya zipatazo bilioni 1.2. Tarehe 26 Juni 2017, kabla halijakamilika, sehemu ya daraja hilo ilianguka mtoni, siku chache tu baada ya rais wa nchi kulizuru, na wafanyakazi kadhaa wakajeruhiwa. Hapa hapakuwa na zawadi yoyote ya kuonea haya. Palikuwa na mkataba, na mkataba una mjenzi, una msimamizi, na una mlipaji. Mwanakijiji wa Budalang'i aliyeuliza, "Nani alilikagua zege?" hakuwa mkosefu wa adabu wala mkosefu wa shukrani. Alikuwa mnunuzi anayeuliza habari za alichokinunua.

Upo pia mtindo wa nne unaofanana na biashara ya kale ya kubadilishana mali kwa mali. Mwaka 2008 serikali ya Kongo na makampuni ya Kichina zilifunga mapatano: Wachina wajenge barabara na majengo ya umma, nao walipwe kutokana na shaba na kobalti za Kolwezi. Kwa mapatano yaliyorekebishwa mwaka 2009, ujenzi ulipangiwa dola bilioni 3. Mwezi Februari 2023 wakaguzi wa fedha wa serikali ya Kongo walitangaza kwamba kazi zilizokwisha kufanywa zilifikia dola milioni 822 tu. Mazungumzo yakafunguliwa upya, na mwezi Machi 2024 sehemu ya ujenzi ikaongezwa hadi dola bilioni 7, za kulipwa kwa miaka mingi kulingana na bei ya shaba. Kwa miaka kumi na mitano mapatano yale yalikuwa yakiitwa ushirikiano, nalo ni neno tamu. Siku yalipotazamwa kama ubadilishanaji wa mali, ndipo mtu alipoleta mizani. Wala hatusemi kwamba mizani ilimtia aibu Mchina. Twasema kwamba mizani ilimpatia Mkongo sauti, naye Mchina akakaa akasikiliza, kama wafanyavyo watu wawili wenye biashara.

Zawadi ni nini basi?

Baada ya kuyatenga hayo, huenda msomaji akauliza kama pana kitu chochote kilichobaki cha kuitwa zawadi. Kipo, nacho ni cha thamani. Daraja la Rusumo, kwa kadiri ya fedha zilizotolewa na Japani bila kudaiwa, ni zawadi. Riba iliyosamehewa katika mkopo wa TAZARA ni zawadi iliyokaa ndani ya mkopo. Ujuzi uliofundishwa kwa moyo kuliko mkataba ulivyotaka ni zawadi pia. Na juu ya hayo yote yapo makaburi. Katika ujenzi wa TAZARA walikufa Wachina zaidi ya 60, kwa ajali na maradhi, na wengi wao wamezikwa Gongo la Mboto nje kidogo ya jiji la Dar es Salaam. Wafanyakazi wa Kitanzania na Kizambia nao walikufa. Kitabu cha hesabu hakina safu ya kuandikia jambo hilo. Mkopo waweza kulipwa ukaisha. Kijana aliyezikwa mbali na mama yake hana malipo. Hapo ndipo mahali pa shukrani, na asiyeshukuru hapo atakuwa amestahili ile methali ya fadhila za punda.

Lakini zawadi nayo ina sheria zake kwa yule atoaye. Lugha yetu inayo maneno mawili makali juu ya jambo hili: kusimanga na kusimbulia, yaani kumkumbusha mtu wema uliomtendea ili kumdunisha. Watu wa pwani wamefundishana tangu kale kutenda wema na kwenda zao, bila kungoja shukrani. Mtoaji akianza kuihesabu zawadi yake hadharani, akaidai kura katika mikutano ya mataifa, au akaidai kimya wakati anapokosea, zawadi imekwisha kugeuka mkopo, tena mkopo mbaya kuliko mikopo yote, kwa kuwa hauna kiasi wala tarehe ya mwisho. Hili twalisema kwa wote: kwa Mchina, kwa Mzungu, kwa Mjapani na kwa Mwarabu. Kipimo ni kimoja.

Tena neno daraja lina maana mbili katika lugha yetu. Ni kiunzi kivushacho watu juu ya maji, na ni ngazi ya cheo, kama tusemavyo daraja la kwanza na daraja la pili. Zawadi inayotolewa vizuri hujenga daraja la maana ya kwanza, ambalo wapitao juu yake wako usawa mmoja, na aendaye hukutana na arudiye. Zawadi ya masimango hujenga daraja la maana ya pili: mmoja juu, mmoja chini.

Wajibu wa mpokeaji

Hadi hapa tumenena zaidi juu ya watoaji na wauzaji. Lakini uzito wa swali letu umo kwa mpokeaji, kwani barabara hujengwa mara moja tu, nayo hutunzwa kila mwaka. Maji ndiyo adui yake. Mtaro ukiziba, maji hupanda juu ya barabara. Kalavati likijaa udongo, maji hutafuta njia nyingine, nayo njia hiyo hupita chini ya lami. Mvua mbili tatu zatosha kugeuza ufa kuwa shimo na shimo kuwa korongo. Usipoziba ufa utajenga ukuta: methali hii kila mwanafunzi aijua, lakini ni wachache waliofikiri kwamba mhandisi wa barabara hana elimu nyingine kubwa kuliko hiyo.

Reli ya TAZARA yatufundisha jambo hilo kwa uchungu. Ilikusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ilibeba tani zipatazo milioni 1.2, na mwaka wa fedha 2014/15 ilibeba chini ya tani 100,000. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwamo kufunguliwa upya kwa njia za kusini na ushindani wa malori. Lakini mojawapo ni kwamba injini, mabehewa na njia yenyewe havikupata matunzo ya kutosha. Mwezi Septemba 2024 viongozi wa Tanzania, Zambia na China walikutana Beijing kushuhudia makubaliano ya kuifufua. Tukumbuke kanuni ile ya Zhou Enlai juu ya kuwafundisha wenyeji hadi waimudu kazi. Kanuni hiyo ina pande mbili. Mwalimu aweza kufundisha. Lakini nchi ya mwanafunzi isiponunua chaki, elimu yake itakauka.

Kwa hiyo twasema hivi: barabara tuliyojengewa huwa yetu siku tunapoweza kuitengeneza wenyewe. Kabla ya siku hiyo twapita juu yake kama wageni, hata kama imo katika ardhi ya babu zetu. Wala jambo hili halihitaji mashine kubwa sikuzote. Nchini Rwanda, katika kazi ya umuganda ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wananchi huzibua mitaro na kutengeneza njia za vijijini kwa majembe yao. Mkoani Kigoma, nchini Tanzania, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa mwaka 2017 umejenga madaraja mengi ya mawe yenye umbo la tao, kwa ujuzi uliokwisha kutumika Uganda kwa msaada wa Wabelgiji. Mawe ni ya pale pale, waashi ni wa pale pale, na chuma hakihitajiki kwa wingi. Kwa hiyo gharama hupungua. Jiwe likichomoka, mwashi aliyelipanga yupo kijijini. Msaada wa namna hii hauonekani sana katika sherehe za kukata utepe, lakini umelitii neno lenyewe: kazi imebaki ya msaidiwa.

Lipo pingamizi ambalo si haki kulipuuza. Mtu atasema: "Mama anayebebwa kwenye machela kwenda kujifungua, mto umefurika, hana haja ya kujua kama daraja ni zawadi au ni mkopo. Anachotaka ni kuvuka." Ni kweli tupu. Mama yule haulizwi, wala asiulizwe. Lakini kwa kuwa yeye hana nafasi ya kuuliza, wapo wengine ambao wajibu wao ni kuuliza kwa niaba yake: diwani, mbunge, mhandisi, mwandishi wa gazeti, na mwalimu. Kwani daraja lililokaguliwa ndilo litakalomvusha na mwanawe baada ya miaka ishirini. Na deni lililofichwa nyuma ya neno tamu ndilo litakaloondoa dawa katika zahanati anakokwenda. Ni kwa ajili ya mama huyu majina yanapasa kuwa ya kweli.

Na atokee mwingine aseme kwamba maskini hana ubavu wa kuuliza maswali, kwa kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Twamjibu kwamba kuinama si kufumba macho. Anayeinama mvunguni akiwa amefumba macho aweza kuokota nge.

Kazi yetu darasani

Sisi walimu wa lugha hatuna greda wala saruji. Tunacho kitu kimoja tu, nacho ni uwezo wa kuwazoeza vijana kukiita kila kitu kwa jina lake. Yafaa basi tuwaletee darasani habari za magazeti juu ya barabara na madaraja, tuwaambie wapige mstari chini ya maneno msaada, ufadhili, ruzuku, mkopo, zabuni, mkataba, ushirikiano na urafiki, kisha waulize juu ya kila moja: nani ametoa, nani atalipa, kiasi gani, lini, na nani atatengeneza kikiharibika? Wakiona kwamba habari haina majibu, na wajifunze kusema hivyo kwa Kiswahili safi na kwa adabu. Insha ya namna hiyo itawafaa kuliko insha mia za kusifu maendeleo.

Tuwafundishe pia kushukuru. Kijana wa Kirehe au wa Ngoma ajue kwamba njia aipitayo kwenda shule ilifunguliwa na watu waliotoka mbali sana, waliovumilia jua, vumbi na homa. Ajue vilevile kwamba katika tuta lile mna jasho la babu zake, na kwamba mtaro ulioziba mbele ya shule yake haumngoji Mchina wala Mjapani. Wamngoja yeye.